Kipande cha mfupa kimetoka kwenye kidonda cha mume wangu. Tukubali apasuliwe tena?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, mume wangu amelala na mguu wake ameuegemeza juu ya mto. Ni dereva wa bodaboda, ana miaka 36. Mwaka jana mwezi wa nne, masika yamekolea, lori lilimgonga akavunjika muundi wa kulia. Mfupa ulichomoza nje, umejaa tope. Hospitali tuliyokimbilia walimwosha wakamfunga hogo, na siku ya nne ndipo alipoingizwa chumba cha upasuaji akawekewa chuma ndani. Tulikaa wodini wiki tatu.

Kidonda kilifunga vizuri. Mwezi wa pili baada ya kurudi nyumbani pakaota kipele juu ya kovu, kikapasuka, ukatoka usaha. Nikaenda duka la dawa, nikapewa rangi mbili za siku tano, kikakauka. Tukamshukuru Mungu. Wiki tatu hazijaisha kikafumuka tena. Tangu hapo ndiyo maisha yetu: kinakauka, kinafumuka. Nimenunua dawa mara tisa. Safari mbili alichomwa sindano na jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati. Haya ya dukani daktari sikumwambia.

Wiki iliyopita nikimsafisha nikaona kitu cheupe kinachungulia kwenye tundu. Nikakivuta kwa pamba, kikatoka bila hata damu. Ni kigumu kama mwiba wa samaki mkubwa, kirefu kama kucha ya kidole gumba, upande mmoja kina vijitundu. Nimekitia kwenye kiberiti. Mama mkwe alipokiona aliangua kilio, akasema mwanawe ametupiwa kitu, na kwamba mtu mzima hawezi kutoa mifupa kwenye ngozi kama kuna heri. Anataka tumpeleke kwa fundi wa kuunga mifupa kijijini kwao, ambaye ameahidi kuvivuta vilivyobaki kwa dawa zake. Bei yake laki tatu.

Kliniki ya mifupa nako wametupa tarehe 14 ya kulazwa. Daktari bingwa alisema mfupa una maambukizi, atafungua, atoe chuma, akwangue, halafu dawa wiki sita. Alikuwa na foleni ndefu, sikuuliza zaidi. Mume wangu amekataa kabisa. Anasema akilala tena kwenye kile kitanda ataamka hana mguu. Siku hizi hata goti la mguu huohuo linamuuma akilikunja. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, mwenyewe ameshaichukua. Tunaishi kwa genge langu la nyanya, na wiki sita wodini sijui nani atauza.

Mama, ni kweli amerogwa? Au hospitali ile ya kwanza ndiyo ilimtia wadudu? Na kwa nini dawa zinamponya halafu zinamwacha? Nisaidie nijue niseme nini hapa nyumbani.

Mke wa bodaboda, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole, na mpe pole mumeo.

Nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilipofika pale kwenye kiberiti nilirudia kusoma mara mbili. Vipande kama hicho nimevipokea kwenye bakuli nikifunga vidonda asubuhi, vyeupe vivyo hivyo, vikavu, havitoi damu. Nianze na hicho, maana ukishakielewa, mengine yote uliyoniuliza yatakaa sawa.

Mfupa ni kitu hai. Una mishipa ya damu ndani yake na una ngozi nyembamba kwa nje inayoulisha. Siku ile mguu ulipovunjika na kuchomoza, kuna sehemu zilikatikiwa na damu. Tope likaingia na wadudu wake. Sehemu iliyokosa damu ikafa, na wadudu wakapata mahali pa kukaa pasipo na askari yeyote, kwa sababu chembe za damu zinazopigana nao husafiri kwa damu, na pale damu haifiki. Mwili haukubali kuishi na maiti ndani yake. Unaitenga ile sehemu iliyokufa, unajenga mfupa mpya kuizunguka, na unatoboa njia ya kuisukumia nje. Hilo tundu unalolisafisha kila siku ndiyo njia yenyewe. Kilichotoka ni mfupa wa mumeo mwenyewe, uliokufa. Hivyo vijitundu ulivyoviona upande mmoja ni pale ulipokuwa unaliwa taratibu kabla ya kuachia.

Hakuna aliyemtupia kitu. Mwambie mama mkwe hivyo kwa upole, na umwambie pia kwamba kipande hicho ni dalili ya mwili wa mwanawe kujipigania.

Sasa dawa. Umeniuliza kwa nini zinamponya halafu zinamwacha. Umewahi kuona mtu mwenye jino lililooza? Shavu linavimba, anameza dawa, uvimbe unashuka, anakula nyama sikukuu, mwezi ukipita shavu limevimba tena, na itakuwa hivyo mpaka jino ling'olewe. Kidonge hubebwa na damu. Kinafika kwenye nyama na ngozi iliyo juu, kinaua wadudu wa hapo, usaha unakauka nawe unashukuru. Kwenye mfupa uliokufa hakifiki. Na juu ya kile chuma kuna jambo baya zaidi: bakteria wakishatua kwenye chuma hujitengenezea utando, kama ule ute unaouona ndani ya ndoo ya maji iliyokaa muda mrefu bila kusuguliwa, wakajificha chini yake. Dawa inayowaua wakiwa wanaelea kwenye damu haiwawezi wakiwa chini ya utando. Ndiyo maana daktari anataka kutoa chuma na kukwangua. Hizo wiki sita za dawa bila kukwangua ni pesa ya kutupa, na kukwangua bila dawa ni kumwachia adui mbegu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, akapasuliwe. Nalisema nikijua mnachokiogopa, na nitalifikia.

Lakini kabla ya tarehe 14 kuna jambo uliloficha ambalo sharti limfikie daktari. Mwambie kuhusu zile mara tisa, na zile sindano za jirani. Andika kwenye karatasi majina ya dawa unayoyakumbuka, au beba maboksi kama unayo. Hakuna atakayekufokea, na akikufokea vumilia, kwa sababu taarifa hiyo inaweza kuamua kama mumeo atapona. Vidonge vya siku tano tano vimekuwa vikiua wadudu dhaifu na kuwaacha sugu wakizaana. Dawa za kawaida huenda sasa hazifanyi kazi kabisa, na daktari akianza nazo atapoteza wiki.

Njia ya kujua ni kipimo cha kuotesha, yaani kuwakuza wadudu maabara ili ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaua. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wanapopotezewa muda. Wakipitisha pamba juu ya kidonda na kuipeleka maabara, wanachootesha mara nyingi ni wadudu wa ngozi na wa hewani waliokalia usaha, wakati mwenyeji wa ndani ya mfupa ni mwingine. Kipimo cha kuaminika ni vipande vya mfupa wenyewe, vinavyochukuliwa chumba cha upasuaji, sehemu kadhaa tofauti, kila kimoja kwenye chupa yake. Na ili wadudu waote, mgonjwa awe hajameza antibayotiki kwa muda. Madaktari wengi hutaka angalau wiki mbili kama hali yake inaruhusu. Hivyo kuanzia leo usimnunulie kidonge kingine dukani. Kama kuna dawa anayotumia kwa cheti cha daktari, msiiache kimyakimya, pigeni simu kliniki muulize. Siku ya kulazwa muulize daktari waziwazi, "Mtapeleka mfupa kuotesha?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Mara nyingi anayeota ni stafilokokasi, mdudu anayeishi puani na kwenye ngozi za wengi wetu bila kutudhuru, mpaka apate mlango. Kwa aliyevunjika kwenye tope na kukaa wodini, huota pia wengine kama sudomonasi, ambaye usaha wake huwa na ukijani na harufu yake ya pekee. Kama umeona rangi hiyo kwenye bandeji, sema. Na waombe wapime kifua kikuu kwenye hicho kipande cha mfupa. Kifua kikuu hukaa pia kwenye mifupa na viungo, na kwetu ni ugonjwa wa kawaida, na dawa zake ni nyingine kabisa. Wampime sukari na VVU pia, maana vyote viwili vikiwa havijulikani huchelewesha kidonda chochote kupona.

Wiki sita ndizo zinazokunyima usingizi, najua, genge halijiuzi lenyewe. Zamani tulishikilia kwamba ugonjwa wa mfupa lazima uchomwe sindano za mshipani wiki zote sita, na nimewaona watu wakimaliza mishipa ya mikono yote miwili. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao OVIVA, wagonjwa watu wazima 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo. Nusu walipewa dawa za mshipani kwa wiki sita za mwanzo, nusu wakapewa vidonge. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalishindikana kwa asilimia 14.6 ya waliopewa za mshipani na asilimia 13.2 ya waliomeza. Hakukuwa na tofauti ya maana, na waliomeza vidonge walikaa hospitali siku chache zaidi. Muulize daktari kama mumeo, baada ya siku za mwanzo na majibu ya maabara kutoka, anaweza kumalizia dozi nyumbani kwa vidonge. Ila uelewe kwamba wale wenzetu vidonge vyao vilichaguliwa na wataalamu wa maambukizi, na waliohitaji kukwanguliwa walikwanguliwa. Si rangi mbili ya dukani. Na ni vidonge vya kila siku, kwa saa zake, mpaka cha mwisho, hata kidonda kikiwa kimekauka tangu wiki ya pili. Akipewa dawa iitwayo rifampisini, asishtuke mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na asiimeze hiyo peke yake hata siku moja, kwa sababu stafilokokasi huizoea upesi sana. Mwambieni daktari dawa nyingine zote anazotumia, maana rifampisini hugombana na nyingi.

Umeona pia kwenye takwimu zile kwamba hata kule kwenye kila kitu, karibu mtu mmoja kati ya saba hakupona mara ya kwanza. Sitakuficha. Huenda akahitaji kurudi chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja. Kuna kovu litakalobaki, na huenda na kuchechemea.

Tuje kwenye kukatwa mguu. Mwambie mumeo hivi, na ikiwezekana asome mwenyewe hapa: baba, operesheni uliyopangiwa ni ya kuuokoa mguu. Kukata huja pale ambapo maambukizi yanatishia maisha, au mfupa, misuli na mishipa vimeharibika kiasi cha kutobaki cha kuokoa, na kinachowafikisha watu wengi hapo ni kukaa nyumbani. Kabla ya upasuaji utapewa fomu ya ridhaa. Imeandikwa ni upasuaji gani unafanywa. Isome, au asome mkeo, na kama kuna neno hulielewi usitie sahihi mpaka ufafanuliwe. Una haki ya kumuuliza daktari, "Ukikuta nini ndani ndipo utafikiria kukata, na utaniamsha kwanza uniulize?" Nimewaona wanaume wazima wakiondoka wodini usiku kwa kuogopa kuuliza swali hilo.

Kama mfupa haujaunga, akitolewa chuma cha ndani ataweza kufungwa vyuma vya nje, vile vinavyopita kwenye ngozi na kushikwa na fimbo pembeni. Na kama pengo la mfupa uliokwanguliwa ni kubwa, kuna njia aliyoigundua daktari Gavriil Ilizarov wa mji wa Kurgan, Siberia, miaka ya 1950: pete za chuma kuzunguka mguu na nyaya nyembamba, mfupa unakatwa mahali penye afya na kuvutwa kidogo kidogo, milimita moja kwa siku, na nyuma yake mfupa mpya unaota. Inachukua miezi mingi na inachosha. Nakutajia ili mkiona mgonjwa wodini na mapete mguuni msikimbie.

Goti. Hili limenisumbua kuliko lote kwenye barua yako, na umelitaja kama jambo la kupita. Inawezekana ni kukakamaa tu kwa mguu usiotembea mwaka mzima. Lakini maambukizi ya mfupa huweza kuingia kwenye kiungo cha jirani, na goti likishajaa usaha hakuna kusubiri: ule utelezi laini ulio kwenye ncha za mifupa, tunauita gegedu, huharibika ndani ya siku chache na haurudi. Kesho asubuhi weka kiganja chako kwenye goti hilo, kisha kwenye lile la kushoto. Kama la kulia lina joto zaidi, limevimba, au hawezi kulikunja wala kulinyoosha hata kidogo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, tarehe 14 ni mbali. Vilevile akipata homa ya kutetemeka, mguu ukiwa mwekundu unaopanda juu, au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, ondokeni hata kama ni usiku. Wafyonze maji ya goti kwa sindano wayapime kabla ya kuanza dawa, na wakikuta usaha wausafishe. Na asikubali kuchuliwa goti hilo na mtu yeyote, si kwa mafuta ya moto wala kwa mti.

Kuhusu fundi wa kijijini. Mifupa iliyovunjika bila jeraha wapo wanaoiunga, sitawakebehi wazee wetu. Lakini huu una tundu. Atakachokitia humo, iwe majani, majivu au samli, kitaongeza wadudu, na akichanja ataongeza milango. Laki tatu hiyo ni nauli na chakula cha wodini. Kama mama mkwe anataka dua, isomwe, kabla ya upasuaji na baada yake. Mpeni nafasi hiyo, maana yule ni mama na mtoto wake anaumia. Akija kliniki pamoja nanyi, daktari amwonyeshe eksirei, kipande kilichokufa mara nyingi huonekana pale cheupe kimejitenga. Nimeona mama wengi wakibadilika mbele ya ile picha kuliko kwa maneno yetu.

Hospitali ya kwanza je? Kwa barua siwezi kuihukumu, na nisingependa ubebe uchungu huo ukaenda nao wodini. Mfupa uliotoka nje kwenye tope unaweza kushika maambukizi hata mkono wa daktari ukiwa mzuri. Kinachosaidia ni antibayotiki ndani ya saa za mwanzo, kuoshwa kwa maji mengi sana na kuondoa nyama iliyokufa mapema. Una haki ya kuomba nakala ya maelezo ya upasuaji: walimwosha lini, dawa gani, chuma cha aina gani. Iombe, kwa sababu daktari wa sasa anaihitaji ili aandae vifaa vya kukitolea. Na kama siku ya ajali mlijaziwa PF3, ile fomu ya majeruhi, polisi, fuatilieni bima ya lile lori, lazima linayo kisheria. Pale hospitali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla hujauza chochote cha nyumbani.

Mpaka siku hiyo, safisha kwa maji yaliyochemka yakapoa, yenye chumvi kidogo, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, funika kwa shashi safi. Pamba iache, nyuzi zake hubaki ndani. Usitie spiriti wala unga wa kidonge. Ukiona cheupe kingine kinachungulia usikivute, kinaweza kuwa bado kimeshikana na kilicho hai. Na kama mumeo anavuta sigara, aache sasa hivi, moshi huo hubana mishipa ile midogo ambayo mfupa wake unaililia.

Wapo wanaochagua kuishi na tundu. Alilazwa kwetu mzee mmoja mkulima wa mpunga aliyelifunga lake kwa kitambaa tangu ujana wake, akilima hivyohivyo. Alipokuja, ngozi ya pembeni ilikuwa imeota kama uyoga. Kidonda kinachotiririka miongo ya miaka huweza kugeuka saratani, na ya kwake ilikuwa imegeuka. Yule tulimkata. Mumeo ana mwaka mmoja na kidogo tu.

Tarehe 14 beba eksirei zote, hata ile ya siku ya ajali, cheti cha kutoka wodini, orodha ya dawa za dukani, na hicho kiberiti. Maabara hawataweza kukiotesha, kimeshikwashikwa, lakini daktari akikiona atajua moja kwa moja anakwenda kutafuta nini ndani. Uniandikie majibu ya maabara yakitoka, na hali ya goti niandikie kesho.